Kujiona, Kijicho na Kujichukia: Nadharia ya Jung na Tuhuma za Uchawi Kisii na Nyamira

Mtu akisema "Fulani anajiona", kila ajuaye Kiswahili hufahamu kwamba fulani huyo analaumiwa kwa majivuno. Lakini msemaji huyo huyo akisema "Ninajiona", tutamngoja amalize sentensi yake: anajiona kiooni, anajiona mgonjwa, anajiona yu peke yake duniani. Ile maana ya majivuno imetoweka mara tu kiambishi cha nafsi kilipobadilika. Hali ni hiyo hiyo katika neno kijicho. Twasema "ana kijicho", "wana kijicho", na hata "una kijicho" ikiwa tumekasirika vya kutosha. "Nina kijicho" haisemwi ila kwa mzaha. "Ana roho mbaya" ni maneno ya kila siku. "Nina roho mbaya" ni maneno ya mtu anayetaka kutishia wenziwe, si ya mtu anayekiri kosa. Wivu peke yake umesalimika kidogo, maana mpenzi aweza kukiri kwamba anaona wivu, na pengine akapendwa zaidi kwa kukiri kwake. Husuda haina bahati hiyo.

Wanasarufi hawajalishughulikia sana jambo hili, na yumkini watasema kwamba si la sarufi bali ni la matumizi. Haidhuru. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba pengo hilo katika matumizi ya nafsi ya kwanza ndilo hasa alilokuwa akilitafuta Carl Gustav Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi (1875–1961), alipozungumza juu ya kivuli cha nafsi; na kwamba katika nchi ya Abagusii, yaani katika kaunti za sasa za Kisii na Nyamira, pengo hilo limegharimu maisha ya watu.

Kwanza istilahi. Neno ambalo wanasaikolojia wa Ulaya hutumia kwa maradhi ya kujipenda kupita kiasi limetokana na kisa cha Kiyunani cha Narcissus, kijana aliyeiona sura yake majini akaipenda hata akafa. Freud aliliandikia makala mashuhuri mwaka 1914. Watafsiri wetu wamejaribu "kujipenda", nalo halitoshi, kwa sababu kujipenda kwa Kiswahili ni pamoja na kujitunza na kuvaa vizuri, mambo yasiyo na ubaya wowote. Napendekeza kujiona. Neno hili lina kila kitu: lina jicho, lina kitendo kinachomrudia mtendaji, na limekwisha kubeba lawama tangu zamani. Narcissus alikuwa mtu wa kujiona, kwa maana zote mbili. Na kijicho kinatoka katika ukoo huo huo wa jicho, kama vile neno la Kilatini la husuda lilivyotokana na kitenzi cha kutazama. Anayejiona hutazama ndani na kufurahi. Mwenye kijicho hutazama nje na kuumia. Jicho ni moja.

Ekegusii kimechukua njia nyingine. Husuda huitwa endamwamu, neno linaloundwa na enda, yaani tumbo, na mwamu, yaani eusi. Mwenye husuda ana tumbo jeusi. Hapa hakuna kutazama. Kuna kitu kilichokaa ndani ya mtu, mahali ambapo mwenyewe hawezi kukiona. Ipo pia engareka, neno la chuki baina ya wake wenza, ambalo Kiswahili hakina sawa yake kwa neno moja, ingawa ukewenza wenyewe twaujua vizuri. Kuhusu kitenzi cha kuroga, Waswahili na Abagusii wanalo moja. Omorogi wa Kisii, mlozi wa Kiswahili, mũrogi wa Kikuyu, omulogo wa Luganda na ndoki wa Lingala wote ni watoto wa mzizi mmoja wa Kibantu. Hilo ladokeza kwamba hofu yenyewe ni ya kale kuliko mgawanyiko wa lugha zetu, na ni kosa kuidhania kuwa mali ya Abagusii peke yao. Sura iliyoipata katika nchi yao ndiyo inayotuhusu hapa.

Jung mwenyewe alifika Afrika ya Mashariki mwezi wa Novemba mwaka 1925. Alishuka Mombasa, akapanda gari la moshi hadi Nairobi, kisha akaenda magharibi kupitia Kakamega hadi miteremko ya Mlima Elgon, akakaa na wenyeji kwa majuma kadhaa kabla ya kuendelea Uganda, Sudan na Misri. Kisii hakufika. Mazungumzo yake na wazee yalifanywa kwa Kiswahili cha kuunga-unga, kamusi ndogo ikiwa mkononi, na ni vigumu msomaji wetu asitabasamu anapofikiri ni mangapi yalipotea njiani kati ya lugha ya mlimani, Kiswahili cha kamusi, na Kijerumani cha daftari lake. Hata hivyo Jung alikuwa na uaminifu wa aina moja ambao wengi wa wasafiri wenziwe hawakuwa nao. Katika kumbukumbu za maisha yake anakiri kwamba polepole alitambua kuwa aliyekuja kuchunguzwa hakuwa Mwafrika, bali ni Jung. Anasimulia ndoto aliyoiota safarini: kinyozi mweusi aliyemjua Marekani, katika mji wa Chattanooga, alikuwa akipasha moto chuma ili kuzifanya nywele zake ziwe za kipilipili. Aliamka kwa hofu, akaifasiri ndoto hiyo kuwa onyo kwamba Afrika ilikuwa karibu kummeza.

Ndoto hiyo ina faida kwetu kuliko mengi aliyoandika juu ya "watu wa kale", maana hayo mengi yana dharau ya zama zake, na hatuna sababu ya kuyatetea. Hapa mwalimu wa kivuli ananaswa na kivuli chake. Alichokiogopa ndani mwake, yaani sehemu isiyotawalika na isiyo ya Kizungu, alikivika ngozi ya mtu mwingine. Hilo ndilo tendo tunalotaka kulieleza, na ni vyema tuanze kulieleza kwa mfano wa Mswisi.

Kivuli, katika nadharia hii, ni jumla ya yale ambayo mtu hawezi kuyakubali kuwa ni yake. Jung aliyapanga mawazo hayo kwa utaratibu zaidi katika kitabu chake Aion cha mwaka 1951. Mtoto hulelewa aoneshe uso fulani mbele ya watu: mtiifu, mkarimu, mpole. Uso huo twaweza kuuita barakoa, neno ambalo wanawake wa pwani na wa Ghuba walilijua kabla hospitali hazijalichukua. Yasiyoingia katika barakoa hayafi. Hukaa upande wa nafsi usiojitambua. Na kwa kuwa lazima yaonekane mahali fulani, huonekana kwa jirani. Tendo hili nimeliita kutwika, kwa mfano wa mtu anayeinua mzigo na kuuweka juu ya kichwa cha mwenziwe. Tofauti ni kwamba anayetwika hapa hajui kuwa mzigo ulikuwa wake. Methali yetu ilikwisha kuyasema haya pasipo msaada wa Zürich: nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe.

Lazima nikiri ugumu mmoja wa neno kivuli. Nikiwafundisha wanafunzi somo hili, wengi hufikiri kwanza juu ya mwembe na adhuhuri. Katika nchi za jua kali kivuli ni neema, na "kukaa kivulini mwa mtu" ni kulindwa naye. Mzungu wa nchi za baridi hana maana hiyo akilini. Lakini neno letu lina upande wa pili vilevile, maana kivuli ni pia kile kiwingu cha mtu aliyekufa kinachowatokea walio hai. Tukizichukua maana zote mbili hatupotezi kitu; pengine tunapata zaidi ya alichokuwa nacho Jung, kwa sababu wafuasi wake wa baadaye walisisitiza kwamba kivulini hujificha mema pia: vipaji, fahari, nguvu ambazo mtu amekatazwa kuzionyesha.

Jambo hili la mwisho ndilo linalotuingiza nchini Kisii. Robert LeVine na Barbara LeVine walifanya utafiti wao huko katika miaka ya 1955 hadi 1957, katika kijiji walichokipa jina la kubuni la Nyansongo, na kitabu chao kikatoka mwaka 1966. LeVine alirejea tena katika miaka ya 1970 pamoja na wenzake, na matokeo ya uchunguzi wao wa watoto wachanga yakachapishwa mwaka 1994. Yaliyomo yanastahili kusomwa na kila anayependa nadharia za saikolojia kuliko watu wenyewe. Mama wa Kigusii, waliona, hambembelezi mtoto kwa kumkodolea macho wala hazungumzi naye uso kwa uso kwa muda mrefu. Humbeba, humnyonyesha, hulala naye, humnyamazisha upesi anapolia. Macho yake huyaweka kwingine. Wala hamsifu. Sifa humfanya mtoto awe na kiburi, na tena huvuta macho ya watu.

Wanasaikolojia wa Ulaya na Marekani hutuambia kwamba nafsi ya mtoto hujengeka katika macho ya mama kama katika kioo, na kwamba asiyepata kioo hicho utotoni hukitafuta maisha yake yote, ndiyo asili ya kujiona. Kama ingekuwa hivyo bila masharti, basi Kisii nzima ingekuwa hospitali. LeVine hakuona hivyo. Aliona watoto wenye afya, watulivu, waliofundishwa mapema adabu ya kutii. Sikusudii kuikataa nadharia ya kioo; nasema tu kwamba kioo chaweza kuwa mgongo wa mama.

Hata hivyo malezi hayo yana bei yake, na bei hiyo ndiyo yenye maana kwa mada yetu. Mtu hukua akijua kwamba neema haitangazwi. LeVine aliandika jinsi watu wa Nyansongo walivyokuwa wakificha mafanikio yao, wakihofia husuda ya majirani. Basi fahari, ambayo kila mwanadamu anayo, haina mahali pa kutokea kwa heshima. Imeingia kivulini. Na anayejenga nyumba ya matofali, akaweka bati linalong'aa juu ya kilima, huonyesha hadharani kile ambacho kila mmoja amekificha tumboni. Kwa mtazamaji ni kana kwamba kitu chake mwenyewe kimeibwa na kuanikwa. Akisema "yule anajiona", hasemi uongo. Ila hajui kwamba uchungu alio nao watokana na kujiona kwake mwenyewe kulikokatazwa.

Philip Mayer, aliyefanya kazi ya utafiti huko mwishoni mwa miaka ya 1940, alitoa mhadhara mwaka 1954 ambao hata leo haujapitwa na wakati. Hoja yake kuu ni kwamba mchawi na anayemtuhumu ni watu ambao wangepaswa kupendana lakini hawapendani. Adui wa mbali hatuhumiwi kwa uchawi, anapigwa vita. Anayetuhumiwa ni mke mwenza, shemeji, mama mkwe, jirani wa ukoo. Mwaka 1962 LeVine aliongeza ushahidi mzuri sana kwa kulinganisha makabila matatu ya Kenya ya kusini-magharibi. Miongoni mwa Wajaluo, ambao wake wenza waliishi katika boma moja, tuhuma za uchawi baina yao zilikuwa nyingi zaidi. Miongoni mwa Wakipsigis, ambao wake waliwekwa mbali, zilikuwa chache. Abagusii walikuwa katikati. Kikulacho ki nguoni mwako, na kadiri nguo inavyobana ndivyo kinavyouma.

Sasa tuitazame nguo yenyewe. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Katika Kisii hiyo ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, nayo ni nchi ya wakulima, si mji. Shamba la babu limegawanywa kwa baba na ndugu zake, kisha likagawanywa kwa wana wa kila enyomba, yaani nyumba ya kila mke, hata kipande cha mwisho kinatosha migomba michache na mistari ya chai. Umbali ule ambao zamani ulipunguza engareka hauwezekani tena kwa mtu yeyote. Watu wote sasa wanaishi kama wake wenza.

Msomaji mwenye shaka ataniuliza: basi je, haya si mambo ya ardhi tu? Kwa nini tumsumbue Jung? Swali ni la haki, na sitaki kulipita kwa haraka. Ni kweli kwamba mjane mzee huenda amekalia kipande ambacho wana wa shemeji yake wanakitaka, na tuhuma ya uchawi ni njia fupi kuliko baraza la wazee. Justus Ogembo, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya mauaji ya watuhumiwa yaliyotokea Gusii mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliyahusisha mauaji hayo na misukosuko ya siasa na uchumi ya wakati ule. Lakini ardhi inaeleza kwa nini watu wanagombana. Haielezi kwa nini umati wa vijana ambao wengi wao hawatapata hata hatua moja ya ardhi hiyo uende usiku, nyumba kwa nyumba, ukiwa na orodha.

Usiku huo ulikuwa wa mwezi wa Mei mwaka 2008, miezi michache tu baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi. Watu kumi na mmoja, wanawake wanane na wanaume watatu, wengi wao wakiwa wazee sana, waliuawa kwa moto katika vijiji vya Kisii. Taarifa za siku zile zilieleza jambo moja ambalo halijapata kunitoka akilini. Wakazi walidai kwamba katika shule ya msingi ya hapo palionekana daftari la mazoezi lenye kumbukumbu za mkutano wa wachawi, pamoja na majina ya watakaorogwa baadaye.

Tulifikirie daftari hilo. Katika simulizi za zamani za Abagusii, kama walivyoziandika Mayer na LeVine, abarogi hukimbia usiku uchi, wakibeba vyungu vya moto ambavyo huvifunika na kuvifunua, nao hufukua maiti. Huo ni utu uliopinduliwa juu chini: uchi badala ya nguo, usiku badala ya mchana, kula mfu badala ya kumzika. Mchawi wa mwaka 2008 hafanani naye. Huyu ana mkutano, ana katibu, ana kumbukumbu zilizoandikwa katika daftari la shule. Ni kamati. Ajuza wa miaka themanini na zaidi, ambaye yumkini hakupata kukaa darasani, amevikwa sura ya dunia ambayo ndiyo iliyowaangusha vijana wenyewe: shule iliyowaahidi kazi, vikao ambavyo majina yao hayakuandikwa, orodha walizozitazama ukutani wasijione. Sura ya mchawi ilichukuliwa kutoka katika nafsi za watuhumu, wala haikutoka kwa mtuhumiwa. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa kutwika.

Hapa pana fumbo ambalo nadharia ya husuda peke yake hailifumbui. Tungetarajia mwenye husuda amshambulie tajiri. Lakini waliochomwa hawakuwa matajiri; walikuwa wazee dhaifu. Waliuawa kwa sababu ilisadikiwa kwamba wao ndio wenye husuda. Katika uchunguzi wake wa Uingereza ya kale, Keith Thomas alionyesha mwaka 1971 kwamba mara nyingi mtuhumu ni yule aliyemnyima maskini jirani msaada, kisha akapatwa na msiba, akakumbuka manung'uniko ya yule aliyefukuzwa mlangoni. Deni la wema lisilolipwa hugeuka hofu. Mjukuu aliyeko Nairobi ambaye hajatuma kitu, kijana aliyeko nyumbani ambaye hana cha kutuma, wote wawili wana nyanya ambaye macho yake hawawezi kuyatazama. "Lazima ananichukia", hufikiri, maana anajua kwamba angekuwa yeye, angechukia. Hajamwona bibi. Ameiona nafsi yake ikiwa katika mahali pa bibi.

Nami naona kwamba ndipo kujichukia kunapoingia. Kujiona na kujichukia hutendewa na Kiswahili kama maneno yanayopingana, lakini katika tiba ya nafsi hukaa kitanda kimoja. Anayejitutumua mbele za watu amejenga ukuta mbele ya kitu kinyonge anachokidharau ndani mwake. Jung alisema juu ya kufura kwa nafsi, yaani mtu kujitwalia ukubwa usio wake; na kila kufura kuna kunywea kwake. Kijana aliyemaliza masomo na kurudi kulima shamba lisilokuwapo ana unyonge wa namna hiyo. Kuukubali ni vigumu mno. Kuukuta kwa mwingine aliye mnyonge kuliko yeye, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, mwenye kuzungumza peke yake, ni rahisi kabisa. Na kuuchoma huko ni kama kujitakasa. Erich Neumann, mfuasi wa Jung, alilieleza jambo hili mwaka 1949, akiwa ameona Ulaya yake ikiwateketeza Wayahudi, akalilinganisha na yule mbuzi wa Agano la Kale aliyetwikwa dhambi za watu akapelekwa nyikani. Wale waliowasha moto huo walikuwa na vyuo vikuu. Natoa mfano huo kwa makusudi, ili asije mtu akadhani kwamba tunazungumza juu ya ujinga wa kijijini.

Kwa nini iwe bibi? Jung na Neumann wangejibu kwamba katika kila taifa kuna sura ya asili ya Mama, yenye pande mbili, anayezaa na anayemeza. Jibu hilo halina ubaya, ila ni pana mno. Linaeleza kila mahali na kwa hiyo halielezi mahali popote sawasawa. Historia ya Gusii inatupa kitu mahususi zaidi. Mwaka 1908, wakati Waingereza walipokuwa wakiitiisha nchi hiyo, aliyewahimiza watu wakatae alikuwa Moraa wa Ngiti, mwanamke mtabiri na mjuzi wa dawa. Naye Otenyo alimchoma mkuki Northcote, ofisa wa kikoloni, ambaye alinusurika. Mwanamke mzee mwenye nguvu zisizoonekana alikuwa wakati huo ngao ya watu wake. Adhabu iliyofuata ilikuwa kali. Kisha zikaja misheni, Wakatoliki Nyabururu na Waadventista Nyanchwa, nazo zikawafundisha watoto kwamba nguvu za akina Moraa ni za giza. Mwaka 1925, mwaka ule ule aliofika Jung, serikali ya kikoloni ikatunga Sheria ya Uchawi. Ekegusii kilikuwa na omoragori anayebashiri, omonyamosira anayekinga na kulipiza, omoriori anayefukua vitu vilivyofichwa nyumbani, na omorogi anayeua. Machoni pa mtawala hao wote walikuwa karibu kitu kimoja. Inafaa kusema, kwa haki, kwamba sheria hiyo ilifanya pia kosa la jinai kumtuhumu mtu kuwa mchawi pasipo kupeleka shauri kwa wenye mamlaka. Wachache hulikumbuka fungu hilo.

Tangu hapo, nguvu ya bibi imekuwa kitu cha kuonea haya. Mjukuu aliyesoma hujua kwamba anatokana nayo, na anataka isionekane. Kujichukia kwa mtu aliyetawaliwa si maneno ya siasa tu. Kuna nyuso ambazo huziangukia kwanza.

Fasihi yetu ina kisa kimoja ambacho kwangu kinafaa kuliko kesi nyingi za Zürich. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1952, ndugu wa Adili wanaitwa Mwivu na Hasidi. Wanamdhuru, jini anawageuza manyani, na Adili anaamriwa awachape kila usiku. Majina hayo yamewafanya walimu wa shule waridhike upesi: wema umeshinda, wivu umelaaniwa. Lakini msomaji auangalie usiku wenyewe. Adili huwachapa nduguze kwa huzuni, huwalisha, huwatunza katika nyumba yake. Hakuwaua wala kuwafukuza. Manyani yale ni ya nyumba moja na yeye, na fimbo inawauma wote watatu. Mwisho wake si kuchomwa moto kwa manyani. Ni kurudishiwa utu wao, baada ya Mfalme Rai kutaka kujua habari na kisa chote kusimuliwa mbele yake. Shaaban Robert alichukua kiini cha kisa kutoka katika hadithi za Alfu Lela Ulela, na sidhani kwamba alimsoma Jung. Hakumhitaji.

Tukirudi kwenye lugha, twaweza sasa kuona kwamba Ekegusii, kwa neno endamwamu, kiliiweka husuda mahali pake: tumboni mwa mwenyewe. Neno halimtaji mtu wa pili. Lakini kitenzi cha kuroga kinamtaka mtenda na mtendwa, na katika tuhuma mtenda daima ni mwingine. Kutoka tumbo jeusi hadi kuroga ni hatua moja ya kisarufi, nayo ndiyo hatua ya kutwika. Anayefanya uchunguzi katika vijiji hivi angefanya vyema kuandika sentensi za watu kama zilivyo, pamoja na viambishi vyake vya nafsi, badala ya kuzifupisha kwa neno moja "uchawi". Waragori wa zamani, kama walivyoelezwa na wataalamu tuliowataja, walimwuliza mgonjwa maswali mengi juu ya ugomvi wa nyumbani kwake, na pengine walimwambia kwamba wanaomsumbua ni wahenga kwa ajili ya kafara asiyoitoa. Jibu hilo lilimrudishia mgonjwa deni lake mwenyewe, akachinja mbuzi, akala na nduguze. Umati wenye daftari hauna swali la kumwuliza mtu.

Tarehe 17 Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa katika kijiji cha Nyagonyi, Marani, kaunti ya Kisii. Ilidaiwa kwamba walimroga mwanafunzi mmoja aliyepoteza uwezo wa kusema. Katika taarifa nilizozisoma, majirani wanasema wazee hao "wanaroga", ndugu zao wanasema "walisingiziwa", na viongozi wanasema wananchi "wasijichukulie sheria mikononi". Vitenzi vyote viko katika nafsi ya tatu.